Kulow wa Nimekupa

Waliotutangulia hawakuwa na maneno ya kutupa. Waliposema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, walikuwa wamekwisha kuwachunguza watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye kunena kwake ni mazoea tu. Ahadi humtoka kinywani kama pumzi, na ukizingoja utaota mvi. Wa pili huenda asiseme mengi, lakini mkono wake hufika pale ulimi ulipofika. Jambo ambalo wahenga hawakulisema, labda kwa kutuonea haya, ni kwamba mtu mmoja anaweza kuamka akiwa wa kwanza na kulala akiwa wa pili. Hayo ndiyo yaliyomfika Kulow Mahat wa Garissa, tena yalimfika akiwa na simu sikioni.

Kulow alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mcheshi, mwenye ndevu zilizopakwa hina na sauti iliyomtangulia kila alikokwenda. Pale sokoni kila mtu alikuwa na neno lake. Hanad kinyozi hakumaliza sentensi bila kuuliza, "Unanipata?" Abdimalik, dalali wa mbuzi na rafiki mkubwa wa Kulow, aliapa "walahi" hata alipotaja jina lake mwenyewe. Rukiyo, mkewe Kulow, alilifunga kila jambo kwa "basi tutaona". Kulow naye neno lake lilikuwa "nimekupa". Ukiisifu saa yake, alikwambia nimekupa. Ukilisifu gari lake, nimekupa. Hata mtu akipita jua la saa saba na kusema kuwa mwarobaini wa mlangoni pake una kivuli kizuri, Kulow alikuwa tayari ameshampa mwarobaini.

Neno hilo alilirithi kwa marehemu baba yake. Mzee aliamini kwamba kinachosifiwa hufuatwa na kijicho, na kwamba dawa ya kijicho ni kumwambia msifuji achukue, ili roho yake itulie. Msifuji naye alijua la kujibu: "Mungu akuzidishie." Wote wawili walicheka, chai ikaendelea. Kwa mwendo huo Kulow alikuwa ameshaugawia mji mzima nyumba, gari, saa na koti lake la harusi, na hakupungukiwa na chochote.

Rukiyo hakuupenda mchezo huo. Siku moja alimwambia mumewe, "Hao wote unaowapa wanajua hawajapewa. Lakini ipo siku utampata mtu anayesikia. Basi tutaona."

Kulow alicheka, akamwambia ana maneno matamu. Kisha akaongeza kwa mazoea kwamba yeye Kulow alikuwa hana la kumpa kwa kuwa alishampa vyote.

Katika vyote alivyokuwa navyo, kimoja tu ndicho kilichomtoa Kulow kitandani kabla ya jua. Nyuma ya nyumba, ndani ya zizi la miiba, alimfuga ngamia jike aliyeitwa Barwaqo, mweupe, mrefu wa shingo, mwenye macho ya mtu anayejua siri ya nyumba. Huyo ndiye aliyesalia katika kundi zima la baba yake baada ya ukame kupita na kufagia. Kulow alimtoa kupe kwa vidole vyake mwenyewe huku akimweleza habari za soko. Sasa Barwaqo alikuwa na mimba kubwa. Kulow aliomba kila swala azaliwe ndama jike, ili kundi la marehemu lipate kuinuka tena. Ukweli ni kwamba alimpenda ngamia yule kuliko gari, saa na koti la harusi vikijumlishwa pamoja.

Asubuhi moja alikuja pale nyumbani mjane mmoja aliyeitwa Arbia. Alitoka upande wa Habaswein, huko malishoni, ambako ukame ulimmalizia mifugo yote. Alihamia pembezoni mwa mji pamoja na wajukuu zake, akajenga kibanda cha duara cha miti na mikeka, akawa anasuka mikeka na kuiuza. Rukiyo alikuwa mteja wake. Siku hiyo alileta mkeka mpya, na alipokuwa anangojea Rukiyo atoke jikoni, alisogea zizini akamwona Barwaqo. Alisimama pale kwa muda mrefu, mkeka begani, kama mtu aliyekutana na ndugu aliyedhani amekufa.

Upande wa pili wa zizi Kulow alikuwa akigombana kwa simu na dereva ambaye lori lake la mbuzi lilikwama njiani.

"Mashallah," Arbia alisema. "Nyumba yenye ngamia huyu haiwezi kulala njaa."

"Nimekupa, eedo," Kulow alimjibu, akimwita shangazi kwa heshima ya umri wake, kisha akarudi kumfokea dereva.

Arbia hakusema Mungu akuzidishie. Aliutua mkeka chini. Akainua mikono yake akamwombea Kulow afya, akawaombea wazazi wake waliokufa, akaiombea nyumba na kila aliyemo. Machozi yalimlenga. Alipomaliza alisema kwa sauti ya chini lakini iliyosikika vizuri, "Nimepokea. Kesho nitakuja na kamba."

Kulow, ambaye dereva alikuwa amemkorofisha kupita kiasi, alimpungia mkono. Rukiyo alikuwa amesimama mlangoni na malipo ya mkeka mkononi, na alisikia kila neno.

Simu ilipokatika, Rukiyo alimweleza mumewe alichokifanya. Kulow aliangua kicheko. Alipouona uso wa mkewe, kicheko kilimkatikia njiani.

Kesho yake Kulow aliondoka nyumbani kabla ya chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe. Arbia alifika jua likichomoza, na kamba mpya aliyoisokota mwenyewe jioni ile, laini, iliyofungwa fundo zuri mwishoni. Rukiyo alimwambia ukweli kwamba mwenye ngamia hakuwapo. Arbia hakuona ubaya wowote. Alisema ngamia hutolewa kwa mkono wa aliyempa, na mtu wa biashara ana mambo mengi. Akipata nafasi atamleta. Akaitundika kamba yake kwenye lango, akaenda zake.

Sokoni Kulow alimweleza Abdimalik mkasa wake. Abdimalik alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akaanza kumtafutia rafiki yake mlango wa kutokea. Kwanza alisema walahi hakuna kadhi wala chifu atakayemlazimisha mtu kwa neno la mdomoni. Kisha akasema kama haya inamkaba, ampelekee yule mama mbuzi mmoja amwombe radhi. Mwisho alipata wazo lililomfurahisha zaidi: Kulow aseme alimpa ngamia, hakumpa mimba, kwa hiyo ngamia abaki mpaka azae, ndama abaki milele, na baada ya hapo wataangalia.

Kulow aliona la mbuzi lina nafuu. Alichagua mbuzi mzuri, si aliyekonda, akamburuta hadi pembezoni mwa mji. Njiani alijifunza hotuba yake. Angesema, eedo, haya ni mazungumzo ya mjini tu, sisi husema hivi kwa kila mtu. Kila alipoirudia hotuba ile ilizidi kuwa fupi, na kila ilipozidi kuwa fupi ilizidi kuwa mbaya.

Alipokaribia kibanda cha Arbia alikuta zizi jipya la miiba, refu la kumtosha ngamia. Nje ya kibanda chombo cha maziwa kilikuwa kimeinamishwa juu ya makaa, kikifukizwa moshi ili maziwa yakija yakae bila kuharibika. Chombo kile kilionekana hakijaguswa kwa muda mrefu. Sauti zilitoka nyuma ya ua, na Kulow akaitambua mojawapo. Ilikuwa ya Hanad kinyozi, ambaye aliishi jirani.

"Unajisumbua, mama. Huyo ni Kulow wa Nimekupa," Hanad alikuwa akisema. "Mimi ameshanipa saa mara nyingi sana. Unanipata? Iko wapi?"

Watu wakacheka. Arbia hakucheka.

"Ulinyoosha mkono kuichukua?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi usimlaumu. Mtu mzima hawezi kusema neno kama hilo kila siku ya maisha yake, asilikusudie hata siku moja. Mimi simjui mtu wa namna hiyo. Kulow atakuja."

Kulow alikuwa nje ya ua, kamba ya mbuzi mkononi, na aibu aliyoisikia hakuwahi kuisikia maishani. Waliomjua toka utotoni walimcheka, na mama aliyemwona jana tu ndiye aliyekuwa akimtetea, tena akimtetea kwa kumdhania wema ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Angeingia na hotuba yake, Hanad angekuwa mkweli na Arbia angekuwa mjinga mbele ya wajukuu zake. Alimfunga mbuzi kwenye mti wa ua, akarudi nyumbani kimyakimya.

Kamba ilikuwa bado imening'inia langoni. Kulow aliitwaa. Rukiyo alimtazama akielekea zizini, na safari hii hakusema basi tutaona. Alikwenda kumfungulia mlango wa zizi. Kulow alimfunga Barwaqo kwa kamba ile, akaweka paji lake la uso kwenye shingo ya ngamia, akalia kidogo. Iliuma. Asiyefuga asiseme ni mnyama tu.

Akamtoa kwa miguu yake, wakapita njia kuu, wakapita kibanda cha chai ambapo Abdimalik alisimama na kikombe akasahau kuapa. Watoto wakawafuata. Walipofika, Hanad alikuwa bado yuko pale, naye akasogea kuwapisha njia.

Kulow aliiweka kamba mikononi mwa Arbia. "Nimekupa, eedo," alisema, na kwa mara ya kwanza neno lile lilikuwa zito kinywani mwake.

"Nilishapokea," Arbia alijibu. "Na mbuzi je? Tumemkuta hapo nje hana mwenyewe."

Kulow alimtazama mbuzi, akacheka bila kutaka. "Na yeye pia."

Habari zilienea kuliko vumbi. Wiki iliyofuata Kulow hakupumzika kwa sifa. Wengine waliisifu saa yake huku wameshanyoosha mkono, wengine wakayasifu makubadhi yake, na mmoja alilizunguka gari lake akilitamkia Mashallah kwa kila gurudumu. Kulow alijifunza kufumba mdomo. Aliposikia sifa alijibu kwamba Mungu na awape na wao, akaondoka haraka. Hata hivyo jambo moja la ajabu lilitokea. Wafugaji wa mbali, waliozoea kudai mashahidi kabla ya kumkabidhi mifugo yao, sasa walisema neno la Kulow linatosha. Kulow alifurahi, ingawa kila asubuhi aliamka mapema kwa mazoea, akaenda kusimama mbele ya zizi tupu.

Mvua zilikuja, nzuri, na nchi ikavaa kijani. Siku moja Arbia alituma habari kwamba Barwaqo amezaa, na kwamba mwenye kumpa aje anywe maziwa. Kulow alikwenda na Rukiyo, na Abdimalik akajipachika nyuma yao. Waliketi juu ya mkeka, wakanywa maziwa yenye harufu ya moshi. Wajukuu wa Arbia walikuwa wamenawiri, mashavu yamejaa. Barwaqo alimnusa Kulow kichwani, akamkumbuka. Pembeni yake ndama mweupe aliyumba kwa miguu isiyojua bado kazi yake. Alikuwa jike.

Kulow hakuweza kujizuia. "Mashallah," alisema. "Shingo ni ya kundi la baba."

"Nimekupa," Arbia alisema.

Abdimalik alicheka kwa sauti, akidhani mama naye amejifunza utani wa mjini. Kulow pia alitaka kujibu kama alivyokuwa akijibiwa miaka yote, Mungu akuzidishie, mambo yaishe. Lakini Arbia alikuwa ameshanyanyuka. Alimshika ndama, akamvisha shingoni kamba ile ile aliyoisokota siku ile, akaja kumwekea Kulow mkononi. Macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. Kulow alielewa kwamba kukataa kungekuwa kumrudishia mama yule neno lake kama neno lisilo na thamani.

"Nimepokea," alisema, akiishika kamba. "Abaki hapa anyonye mpaka akue. Nitakuwa nakuja kumtoa kupe."

"Uje," Arbia alisema. "Asubuhi ndiyo nzuri."

Tangu hapo Kulow alipata tena sababu ya kuamka kabla ya jua. Neno lake hakuliacha, maana mazoea yana taabu, lakini alilitumia kwa nadra, na kila alipolitamka mkono wake ulikuwa umeshatangulia. Hanad kinyozi alikuwa wa kwanza kuligundua hilo. Siku moja, akimnyoa, alisema kwa mazoea kwamba saa ile ni nzuri. Kulow alifikiri kidogo, akaivua, akamwambia, "Nimekupa." Tangu siku hiyo mji mzima haukumwita tena Kulow wa Nimekupa, ulimwita Kulow tu, kwa heshima, kwa kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.