Neno la Kiingereza Lenye Maji Ndani

Paukwa!
— Pakawa.
Hiyo pakawa gani? Kama ya punda aliyetoka mnadani bila kununuliwa! Paukwa!
— Pakawa!
Mdomo gani?
— Wa kumeza ziwa!
Mkia gani?
— Haukuwapo tangu kuzaliwa!
Ehe. Sasa fungeni midomo, fundi wa ngano nimefika. Shule niliishia darasa la nne, na bado mnanisikiliza nyinyi wenye vyeti.

Alikuwako Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia. Alikuwako na Kiboko, tumbo kama ghala la serikali. Jua likawaka mwezi wa kwanza, likawaka wa pili, likawaka wa tatu. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata mate yakakauka. Likabaki dimbwi moja, na Kiboko kajitupa katikati, chubwi! Akasema ni lake.

Siku moja mwalimu alipita na baiskeli, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ikamdondoka. Kiboko akaiokota. Herufi moja moja alizijua. Kuyasoma maelezo ya maana, hata kidogo. Lakini mtu akishaokota kamusi ya Kiingereza, nani tena atambishia? Akatangaza:

"Anayetaka maji aniletee neno la Kiingereza lenye M, A, J na I ndani yake. Zote nne. Hakuna neno, hakuna maji. Mfuuu!"

Akaja Nyumbu, anaburuta kwato, kwaru, kwaru.
"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimeleta majiki. Ile ya mazingaombwe."
Kiboko akafunua kurasa, chwa, chwa, chwa. "Hilo wenyewe wanaliandika kwa G. Halina J. Rudi na kiu yako! Mfuuu!"
Nyumbu akarudi na kiu yake.

Akaja Ngiri, kwaru, kwaru.
"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimeleta jam. Ile ya kupaka mkate."
Chwa, chwa, chwa. "J ipo, A ipo, M ipo. I iko wapi?"
"Nimeilamba njiani, Mheshimiwa. Njaa."
"Rudi na kiu yako! Mfuuu!"
Ngiri akarudi na kiu yake.

Akaja Punda Milia, kwaru, kwaru, hata mistari yake imefifia kwa uchovu.
"Nimeleta majesty. Ndivyo wanavyomwita mtukufu, mfalme."
Masikio ya Kiboko yakacheza. Mdomo ukatanuka, tabasamu likafika shingoni. Chwa, chwa. "Neno tamu hilo. Tamu sana. Lakini halina I. Rudi na kiu yako!"

Haya yote Pimbi aliyaona, kalala juu ya jiwe kama kitambaa kilichosahauliwa. Mkewe alikuwa amejifungua watoto watatu juzijuzi, na maziwa yamekauka kifuani. Kila siku alimwuliza, "Baba Watatu, umepata?" Kila siku alijibu, "Bado." Siku hiyo hata hiyo "bado" ilikuwa nzito kuitamka. Watoto walikuwa wameacha kulia, na kimya chao kilimtisha kuliko kilio.

Lakini lile tabasamu la Kiboko alikuwa ameliona.

"Kumbe," akajisemea. "Huyu hatafuti neno. Anatafuta sifa."

Pimbi aliishi kwenye mawe nyuma ya shule. Alikumbuka siku wanafunzi walipochagua kiranja: mwalimu alihesabu mikono iliyonyooshwa, akaandika neno kubwa ubaoni, majority. Kunguru, mla makombo wa pale aliyejifunza kusoma dirishani, ndiye aliyemwambia maana yake. Pimbi akaliandika mavumbini kwa ukucha. M. A. J. Akaruka mbili. I. Hakucheka. Kucheka kunataka mate.

Akawapitia wenzake. "Twendeni dimbwini wote."
"Tumechoka, ndugu yetu."
"Chokeni mkitembea."

Wakaenda, kwaru, kwaru, kwaru, nyumbu kwa mamia, ngiri, punda milia, Kunguru juu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."
"Marahaba, wewe kidole gumba. Una neno?"
"Majority."
Chwa, chwa, chwa. "M... ipo. A... ipo. J... ipo. I..." Kiboko akakohoa. "Ipo. Lakini neno bila maana ni ganda! Maana yake nini?"
Pimbi akainama mpaka pua ikagusa tope. "Naona haya kuitamka mbele yako. Maana yake mkubwa wa maji. Waingereza wakimwona mwenye mwili kama wako huvua kofia, husema, Majority huyo!"
Kiboko akavimba. "Nilijua tu wananifahamu!"
"Basi tangaza, Mheshimiwa, ulimwengu usikie."
Kiboko akapanua mdomo: "Sikilizeni! Dimbwi hili ni la Majority! Leo na siku zote! Atakayemzuia Majority asinywe, atoke majini mara moja!"
"Na muhuri?"
Kiboko akapiga mguu topeni. Chubwi! "Muhuri huo!"

"Kunguru," akasema Pimbi kwa sauti ya mgonjwa, "hebu tusomee."
Kunguru akatua mgongoni mwa Kiboko, akachungulia kamusi. "Majority. Maana yake: wengi. Walio wengi."
"Wengi?" Kiboko akashtuka. "Mimi mbona niko mmoja?"
"Hata mimi naona hivyo, Mheshimiwa," akasema Pimbi.

Kiboko akahesabu mdomo wake: mmoja. Akaanza kuhesabu pembe zilizokuwa mbele yake, akaishia njiani. Akatoka majini taratibu, tope likimfuata miguuni, pwata, pwata. Wengi wakaingia. Gubu, gubu, gubu! Hakuna aliyeshangilia. Walikunywa tu, macho wamefumba.

Pimbi akajaza mashavu, akapanda mawe pole pole, asidondoshe hata tone.

"Baba Watatu," mkewe akauliza bila kuinua kichwa, "umepata?"

Hakuweza kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Funzo la ngano hii: mkubwa akioga, walio wengi wasimsumbue. Na kamusi ukiiokota, kaa nayo tu, usisome maana. Kusoma kunakausha koo. Nani anacheka huko nyuma?

Ngano imekatika, nami nimekauka. Iliyo tamu inyweni, iliyo chungu nirudishieni, ila kikombe kije kimejaa.