Kobe Alipokuwa Mgeni Rasmi wa Mashindano ya Magari

Paukwa?
Pakawa.
Gari lipo?
Lipo.
Linawaka?
Likisukumwa.

Basi. Hapo zamani, lakini si zamani sana maana petroli ilikuwapo, Mama Nguchiro alikuwa na gari la babu yake. Kuliwasha lazima usimame mbele, uchomeke hendeli, uzungushe: kirr, kirr, kirr, pu! Watoto wake walilala kwenye buti. Nyumba nyingine hawakuwa nayo.

Bwana Kiboko alikuwa na gari la enzi za baadaye. Nalo lilishazeeka, ila kila kitu chake umeme: vioo umeme, milango umeme, redio umeme. Alikuwa na gari, akataka magari.

"Lako la kale, langu la kisasa," akasema. "Tushindane mpaka kilimani. Atakayetangulia anachukua yote mawili."

Mama Nguchiro akalitazama buti. Kwa mbio hamwezi. Akasema taratibu, "Sawa, bwana mkubwa. Ila shughuli bila mgeni rasmi si shughuli."

"Mtafute umtakaye."

Akamtafuta Kobe.

Siku ikafika, wanyama wakafurika. Kiboko akaingia garini, akajifungia wasije wakamchafulia viti. Injini akaiacha, anabana petroli. Akawasha taa, akawasha feni, akawasha redio: dunda, dunda, dunda.

Kobe akapanda jukwaani. Akakohoa.

"Ndugu Twiga, hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ndugu Swala, hujambo?"

Jua likapanda, Kobe anasalimu. Redio ikaimba dunda, dunda. Jua likasimama utosini, Kobe kafika kwa siafu, anawasalimu mmoja mmoja, na nyumbani kwao. Redio ikaimba du, du. Jua likaanza kushuka, redio ikanyamaza.

"Itifaki imezingatiwa," akasema Kobe. "Magari yaondoke, nami nianze hotuba."

Kiboko akazungusha ufunguo: tik. Akazungusha tena: tik.

Mama Nguchiro akazungusha hendeli: kirr, kirr, kirr, pu! Watoto wakashangilia ndani ya buti. Gari likapanda kilima likikohoa, likageuza, likarudi.

Kiboko bado yumo. Kioo hakishuki, mlango haufunguki, jasho linamtiririka.

"Mama, nitoe," akalia nyuma ya kioo.

"Nikutoe kwenye gari la nani, bwana mkubwa?"

"Langu."

Mama Nguchiro akakaa chini, akaisikiliza hotuba. Ilikuwa bado kwenye utangulizi.

"Lako," akasema Kiboko. "Mama, ni lako."

"Kumbe kioo ni changu, naweza kukivunja." Akakipiga kwa hendeli: changarang'!

Kiboko akajisukuma kwa tabu, akatoka, akakimbilia mtoni kwa aibu. Watoto wa Nguchiro sasa wana nyumba ya vyumba viwili, kimoja kina redio.

Na Kiboko mpaka leo hushinda majini, kaacha macho na masikio tu juu, anasikiliza kama Kobe amemaliza. Hajamaliza.

Mafunzo yake, wanangu, ni haya: hotuba ndefu haijawahi kumfaa mtu yeyote.

Hadithi yangu imezimikia hapa. Anayeitaka zaidi ashuke asukume.