Kengele ya Bi Nyamizi

Kengele ya nyuma haiazimwi. Ndiyo maneno mliyonisikia nikiyasema asubuhi, majirani walipokuja kumjulia hali shangazi yenu, naye akamwachia binti yake ajibu kwamba mama hajambo, wakati homa inamtetemesha blanketini. Mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni, na huyo anayezimaliza karanga apitishe sahani. Methali hii ilianza hivi.

Watu wa kwetu Ilomelo walikuwa na safari yao ya baiskeli kila mwaka baada ya mavuno. Waliiita safari ya salamu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwatembelea ndugu waliohamia mbali na mabinti walioolewa huko. Hayakuwa mashindano. Nasema mapema kwa sababu nawajua, mtaniuliza nani alishinda. Aliyetangulia kufika hakupewa hata maji. Alisimama uwanjani na baiskeli yake, kiu imemkaba, mpaka wa mwisho ashuke.

Walikwenda kwa mstari mmoja. Aliyekuwa mzito wa mwendo kuliko wote alikaa nyuma, na kwenye keria yake ilifungwa kengele ya ng'ombe. Baiskeli ikitembea, kengele inalia, na kiongozi akiisikia anajua wote wapo. Ikinyamaza, anasimama. Hakuna aliyehitaji kugeuza shingo, maana ukigeuza shingo kwenye mchanga mnajua kitakachokupata.

Mwaka huo kiongozi alikuwa Kasanda, seremala mpole mwenye miguu ya maksai. Nyuma alikuwa Bi Nyamizi, mjane aliyeendesha baiskeli ya marehemu mumewe. Binti yake Wande, aliyeolewa ng'ambo ya mbuga, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na bibi alikuwa hajamtia machoni.

Walipoingia mbugani miguu ya Bi Nyamizi ikaanza kugoma. Kila aliposhuka kuvuta pumzi, kengele ilinyamaza, Kasanda akasimama, na watu wote wakasimama juani wakimngoja. Hakuna aliyenung'unika. Walimpa maji, wakamtania kwamba mjukuu ataota ndevu kabla bibi hajafika. Lakini moyoni kila kusimama kulimchoma. Aliona kwamba mwakani watamwambia, kwa heshima zote, bibi pumzika nyumbani. Na wakimwambia hivyo, mjukuu atamwonea wapi tena?

Basi akamwita Masele, kijana aliyekuwa mbele yake.

“Mwanangu, nibebee hii kengele. Inanilemea.”

“Bibi, si ndiyo desturi?”

“Nakuja nyuma yako hapa hapa. Wewe nenda.”

Masele alilelewa vizuri, na hapo ndipo kosa lilipotokea. Mkubwa akisema, yeye hutii. Akaifunga kengele kwenye keria yake, akaenda. Kule mbele Kasanda akaisikia inalia bila kukatika, akafurahi kwamba bibi amepata nguvu. Akaongeza mwendo.

Walifika kwa Wande jua likiwa bado juu. Wande alitoka na mtoto mgongoni na ndoo ya maji mkononi, akasimama kumngoja wa mwisho. Kengele ikaingia uwanjani, ikiwa kwenye baiskeli ya Masele.

“Mama yuko wapi?” Wande akauliza.

Masele akageuka. Njia ilikuwa tupu. “Alinipa kengele,” akasema kwa sauti ndogo. “Aliniambia yuko nyuma yangu.”

Kasanda hakumgombeza. Aliitazama ile ndoo, akameza mate, kisha akageuza baiskeli. “Hatujafika,” akasema.

Wote wakageuza, na kiu yao na uchovu wao. Wande akaiweka ndoo chini, akapanda keria ya Kasanda, mtoto mgongoni.

Walimkuta Bi Nyamizi katikati ya mbuga, ameketi chini kando ya baiskeli, viatu amevivua. Alipowaona wanarudi wote, akaanza kulia.

“Mbona mmerudi, wanangu? Nilitaka mfike.”

Kasanda akachuchumaa mbele yake. “Tufike wapi bila wewe, bibi? Tukikungoja hatupotezi kitu, ndiyo safari yenyewe. Lakini ukituficha kwamba umechoka, tunakuacha huku tunafurahi.”

“Niliogopa mtaniambia nisije tena.”

Wande alifungua kanga, akampakatisha mama yake yule mtoto. “Na usipokuja, nani atanifundisha kumkogesha?”

Bi Nyamizi alimnusa mjukuu wake kichwani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Alimpenda papo hapo. Masele akapiga magoti nyuma ya baiskeli ya bibi, akaifunga kengele mahali pake, akaivuta kuhakikisha imekaza.

Wakaondoka. Kengele ilinyamaza mara nyingi kuliko asubuhi, na kila iliponyamaza Bi Nyamizi alisema mwenyewe, “Nimechoka, wanangu,” nao wakasimama, wakazungumza, wakapokezana mtoto. Kwenye mchanga wa mwisho, paa la nyumba likiwa linaonekana, bibi alishuka tena kusukuma. Wande akamwonea huruma, akashuka kwa Kasanda, akamfuata nyuma, akanyoosha mkono kwenye keria yake.

“Mama, nikushikie kengele mpaka pale tu?”

Bi Nyamizi akautoa ule mkono taratibu, akaushika ndani ya wake.

“Hapana, mwanangu. Kengele ya nyuma haiazimwi.”