Vidole vya Namkunda

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyebaki na vidole viwili tu katika mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Vingine vitatu vilichukuliwa na mashine ya kuchakata mkonge, na mashine haikuomba radhi. Mtu huyo aliitwa Semkiwa, na mkewe Namkunda. Walikuwa na chumba kimoja karibu na soko la Korogwe, wakiwachapia watu barua kwa kompyuta.

Namkunda ndiye aliyechapa, kwa kuwa Kiswahili chake kilinyooka na cha mumewe kilipinda. Lakini kibodi imetengenezwa kwa mtu mwenye vidole kumi, na yeye alikuwa na saba. Basi Semkiwa, aliyejifunza kompyuta kwa kudonoadonoa, akaanza kuipanga upya kwa ajili yake. Leo aliisogeza herufi moja iwe karibu na gumba. Kesho alikifanya kitufe kimoja kiandike maneno “Ndugu Mwenyekiti” kwa mguso mmoja. Mipangilio hiyo ilikaa katika mafaili madogo ambayo yasingemfaa mtu mwingine yeyote duniani. Miaka miwili alifanya hivyo, kila alasiri wateja walipopungua. Hakuwahi kumwambia mkewe kwamba anampenda. Wanaume wa kwetu wakisema hilo hutafutiwa mganga. Alipanga vitufe.

Siku moja kompyuta ya jirani ilikufa, ikafa na vyote vilivyokuwamo. Semkiwa akaingiwa na hofu, akaanza kutafuta programu ya kuyatunza mafaili yake.

“Nakili kwenye flashi, Baba Shemsa, tuendelee na kazi,” Namkunda alimwambia.

“Flashi ni ya wanafunzi.”

Basi akachagua. Akachagua kwa miezi mitano. Programu ya kwanza ilinakili tu, akaiona nyepesi. Ya pili ilikumbuka kila badiliko lililowahi kufanywa; akasema ina kumbukumbu kama ya mama mkwe, akaiacha. Akawasoma watu wasiojuana wakigombana mtandaoni ipi ni bora, naye akaingia kugombana nao. Mwisho akaipata ya tatu. Hiyo ilipeleka nakala mbali, ikazifunga kwa neno la siri, na ukinunua mashine mpya iliipanga yenyewe ikawa kama ile ya zamani. Akaweka neno la siri lenye herufi arobaini, ambalo hata shetani asingelikisia. Yeye mwenyewe pia asingelikumbuka. Kwa hiyo akaliandika kwenye faili, na faili akaliweka mahali salama kuliko pote alipopajua: ndani ya ileile kompyuta.

Msicheke bado.

Masika ilipoingia umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira. Mashine ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Fundi akaifungua, akatazama, akaifunga. Semkiwa akanunua nyingine iliyokwisha kutumika, akaziita nakala zake. Zilikuwepo. Zilikuwa nzima, haikupungua hata nukta, na zilikuwa zinamwomba neno la siri.

Siku tatu alikisia. Siku tatu watu wenye barua walielekezwa kwingine. Siku ya tatu Namkunda akajaribu kuchapa kwenye ile mashine kama ilivyotoka kwa wenyewe. Vidole vyake vikaenda mahali vilipozoea, na kwenye kioo kikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi. Akaiondoa mikono taratibu, akaificha chini ya kanga, kama alivyokuwa akiificha mwaka ule wa ajali, kabla hajapangiwa kitufe hata kimoja. Semkiwa akaona. Moshi wa mashine haukumliza. Hilo ndilo lililomliza.

Namkunda akakitazama kisogo cha mumewe, kilichokwisha kuanza mvi, kimeinama juu ya meza.

“Baba Shemsa, mwache huyo maiti apumzike. Niulize mimi.”

Hakuelewa. Mkewe akavuta kiti, akaitoa mikono chini ya kanga, akaiweka juu ya kibodi na kufumba macho. “Haya, taja neno.” Semkiwa akataja, na vidole vikatembea, naye akaandika kwenye daftari kila mahali vilipokanyaga. Walikwenda hivyo siku mbili, herufi kwa herufi, na kutoka daftarini Semkiwa akayaandika mafaili upya. Kila alichowahi kumpangia kilikuwamo kwenye vidole vile, hakikupotea hata kimoja. Mahali pamoja tu Namkunda alisita.

“Hii uliiweka vibaya tangu mwanzo. Inaniuma kifundo.”

“Miaka miwili? Mbona hukusema?”

“Ulikuwa umefurahi.”

Semkiwa akaisogeza ile herufi nafasi mbili upande wa kushoto, akaushika mkono wa mkewe, akaujaribisha. Kisha akaichukua ile programu ya kwanza, ile nyepesi, akayanakili mafaili kwenye flashi mbili. Moja akampa mkewe, naye akaifunga kwenye pindo la kanga. Ya pili akampelekea mama mkwe, ambaye hajui ni kitu gani, lakini tangu azaliwe hajapoteza kitu wala kusahau.

Sasa chekeni. Nanyi mnaochagua kufuli kwa miezi mitano, nyumba ikiungua leo, ni nani aliye nje anayeweza kuwafungulia?