Mchezaji wa Nyuma ya Pazia

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na Sultani Makame, aliyependa sataranji kuliko chakula. Shida yake ni kwamba hakuna aliyethubutu kumfunga. Basi akatundika pazia zito katikati ya ukumbi, yeye akakaa huku na mpinzani kule, mtumishi akawa anatangaza kila hatua, na ikawa atakayechungulia atachapwa viboko arobaini. Tangu hapo Sultani akafungwa kila Ijumaa, naye akafurahi, ijapokuwa alifurahi kwa kununa.

Michezo yote ikaandikwa daftarini, na Sultani akataka ipelekwe kwa mfalme wa Waingereza. Aliyejua Kiingereza mjini alikuwa Faki peke yake, mpishi wa meli wa zamani, fukara asiye na kanzu ya pili. Akatafsiri siku nne kwa njaa. Waziri alipoisoma kazi yake akaruka.

"Ee Maulana, huyu amekuaibisha! Kila mchezaji amemwandikia neno la watu wengi. Mfalme atadhani umefungwa na kundi zima!"

"Maulana," akasema Faki, "Kiingereza hakina hili 'yeye' letu. Kina neno la mwanamume na neno la mwanamke. Wenyewe wasipomjua mtu, hutumia hilo la wengi, nami sijui ni nani aliyekaa nyuma ya pazia."

"Mchezo wenyewe unasema!" akafoka Sultani. "Mwanamume hushambulia, mwanamke hujificha. Kesho adhuhuri unitajie kila mmoja ni mwanamume au mwanamke, bila kugusa pazia. Ukikosea hata mmoja, utauhama mji huu."

Faki akaenda zake. Mama yake alikuwa hawezi kutembea, na hakuwa na mtu mwingine wa kumpa hata maji. Akalia, tena akalia kweli, kisha akala kipande cha muhogo, akafikiri.

Kesho yake akaja na daftari. "Maulana, mimi ni mjinga. Nifundishe kwa mchezo mmoja tu, nikizijua dalili nitaimaliza mingine. Na hukumu yako ipigwe muhuri, nisije nikaisahau."

Sultani akatuna kwa raha. "Soma."

Faki akasoma, akiwataja wachezaji kwa rangi za kete zao. Mweusi alimtoa farasi wake kafara, akavunja ngome, akaenda moja kwa moja kwa shaha, mfalme wa kete. Mweupe alimficha shaha wake pembeni, akamzungushia askari, na farasi wake akamrudisha alikotoka mara tatu.

Sultani akacheka hata kilemba kikalegea. "Mweusi ni dume! Huyo Mweupe ni mwanamke, tena anaogopa kivuli chake. Andika!"

Waziri akaandika, muhuri ukapigwa.

"Ahsante, Maulana," akasema Faki. "Huu ni mchezo wa Ijumaa iliyopita. Mweusi alikuwa nyuma ya pazia. Mweupe alikuwa amekaa kwenye kiti hicho chako."

Waziri akatazama dari.

"Basi nimwandikie Maulana neno la mwanamke kila mahali?" akauliza Faki. "Ni mara sitini na mbili."

"Futa!"

"Muhuri wa Sultani nani aufute? Ila lingekuwapo neno lisilochungulia nyuma ya pazia..."

"Si ndilo lile la jana? Lirudishe!"

"Na kwako pia, Maulana?"

"Na kwangu pia! Tukionekana makundi mawili, angalau sikufungwa peke yangu." Hapo Sultani mwenyewe akaangua kicheko, na ukumbi mzima, uliokuwa umebana mbavu, ukacheka naye. Akampa Faki kanzu tatu na posho ya kila mwezi, na mtumishi wa kumtunza mama yake.

Kisha akamwinamia, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Lakini wewe, huyo aliyenifunga wamjua?"

"Simjui, Maulana."

"Wala mimi," akasema Sultani, akilitazama pazia. "Na Ijumaa nilipofungwa, kutomjua hakukunipunguzia uchungu hata kidogo."