Fisi, Bwana Harusi wa Penzi la Ghorofani

"Hadithi ipo mlangoni!"
"Ifungulie!"
"Ina meno!"
"Iingie nayo!"

Basi hapo kale, lakini si kale sana kwani simu zilikuwepo, palikuwa na mji mkubwa wa wanyama. Humo aliishi Mashavu, digidigi mwenye miguu kama njiti za kiberiti, na macho, mama wee! Kazi yake kuigiza filamu.

Siku moja Kima, mwenye kamera, akamwita. "Dada Mashavu, tunatengeneza filamu ya mapenzi. Inaitwa Penzi la Ghorofani."

"Mpenzi wangu nani?"

Kima akatazama chini. "Fisi."

Fisi alikuwa mwenye bucha zote za mji. Yeye ndiye aliyewalisha watu wa filamu, kwa hiyo yeye ndiye aliyechagua nani apendwe. Tena alitoa sharti: harusi ya mwisho wa filamu iwe harusi ya kweli. Fisi alikwisha kuoa mara nyingi, na wake zake wote walionekana mara ya mwisho kwenye karamu ya harusi.

"Nikikataa?"

"Atatula sote, dada. Na filamu haitatoka." Hilo la pili ndilo lililomuuma Kima zaidi.

Mashavu akawaza, akawazua. Kisha akamwendea Fisi, akarembua macho.

"Bosi, unazijua adabu za mapenzi ya mjini?"

"Zipi tena?"

"Mwanamume wa mjini hali. Anaagiza chakula, anakipiga picha, anasema: nimeshiba."

"Nimeshiba?" Fisi akakuna kichwa. "Maana yake nini?"

"Utajifunza. Kamera itakufuata mpaka nyumbani, maana siku hizi mapenzi bila kamera si mapenzi. Ukigusa chakula kabla ya kuitikia ndoa, ndoa hakuna. Au huwezi?"

Watu wote wa filamu walikuwa wanasikiliza. Fisi akacheka, hihihii! "Mimi nishindwe? Nimekubali, mbele ya wote!"

Wakaanza. Fisi akavalishwa suti ya kuazima, imembana mpaka kwapani. Wakaenda hotelini. Zikaja mbavu za kuchoma, chwaaa! Fisi akazipiga picha. Mate yakamdondoka, do, do, do. Mashavu akatafuna kachumbari yake taratibu.

"Kula, mpenzi. Mimi nime... nimeshi... nimeshiba."

Tumbo likajibu: ngurrr!

"Kata!" akasema Kima. "Tumbo limesikika. Rudia!"

Wakaenda kwenye ghorofa refu. Lifti mbovu. Fisi akampandisha mpenzi wake mgongoni hadi juu, wakatazame foleni ya magari. Ikaja supu ya makongoro.

"Nimeshiba."

Ngurrr!

"Kata! Rudia!"

Siku ya harusi ikafika. Fisi amekonda, suti inamkaa sawasawa. "Umependeza, bosi!" watu wakamsifu. "Sasa umekuwa wa mjini!"

Mashavu alikuwa ameomba kitu kimoja tu: amchague mwenyewe mfungisha ndoa. Akamchagua Kobe. Sinia la pilau ya nyama likawekwa mbele ya pua ya bwana harusi.

"Je," akasema Kobe, akapumzika. "Wewe... Fisi... mwana wa..." Akapumzika.

"Wa Fisi! Maliza!"

"Usinikatize, mwanangu. Naanza upya. Je..."

Mashavu akalisogelea sinia. Kobe ni wa polepole, lakini hufika.

"...unakubali... kumwoa... Mashavu?"

Fisi akafungua kinywa. "Naku..."

Mashavu akalisukuma sinia kwa ukwato, kidogo tu. Harufu ikapanda.

"Nakula!" Fisi akapiga kelele, akazamisha kichwa kwenye pilau. Nyam, nyam, nyam!

"Ndoa hakuna!" watu wakashangilia. Mashavu akavua shela, akakaa chini, akashusha pumzi.

Fisi akainua uso, wali puani. "Mke wangu yuko wapi?"

"Umechagua mwenyewe, bosi. Hata kamera imeona."

Filamu ikatoka. Mji mzima ukacheka mpaka mbavu zikauma. Fisi akadhani anasifiwa, akanunua miwani myeusi. Na mabinti wa mjini wakasema, "Mwanamume maarufu hivyo, yuko peke yake?" Wakapanga foleni mlangoni kwake: Swala na kucha za kubandika, Paa na nywele za kuazima, Mbuzi na zawadi ya limau na chumvi.

Mashavu akapita, akashangaa. "Jamani, hamkuiona filamu?"

"Tumeiona! Usituonee wivu, dada!"

Wakaingia mmoja mmoja. Hakuna aliyetoka kulalamika.

Hadithi yangu inafunza hivi: mapenzi ya kweli yapo mjini, enyi mabinti. Mkimpata anayewatazama huku mate yanamtoka, msimwache.

Nami hadithi yangu imeshiba, inajilaza hapa. Mwenye njaa na asimulie yake.