Ushanga Mmoja wa Sechelela

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza, maana mwisho wa hadithi hii sinao mimi, mnao ninyi. Nikifika pale nitanyamaza, nanyi mtaanza kubishana kama wanavyobishana watu wa Chihembe mpaka leo.

Chihembe ni kijiji cha Wagogo, mizabibu upande huu na mtama upande ule. Waliishi huko watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Nehemia alikuwa na mkono wa kupanda. Akichomeka kijiti cha mzabibu ardhini, hata kwa mzaha, kinachipua. Damari alikuwa na mkono wa kutengeneza. Ngozi, shanga, kibuyu kilichopasuka, vyote vilimtii. Na Mzee Lameki, mstaafu wa reli, alikuwa na kipawa adimu kuliko hivyo viwili: alijua kunyamaza. Ukimpa siri, hesabu imezikwa.

Wa nne ni Sechelela, na hadithi ni yake. Yeye alikuwa mpigaji mkuu wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ile inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa mikono mitupu. Wanawake wengi hupiga muheme. Sechelela alipopiga, wazee waliokuja na mikongojo waliisahau uwanjani, na kesho yake wakatuma wajukuu kuifuata.

Sasa sikieni desturi ya kijiji kile. Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma ya kwanza ikiisha, mpigaji mkuu huvua ushanga wake wa kichwani na kumfunga mkononi mtu aliyemfikisha uwanjani mwaka huo. Mtu mmoja tu. Ushanga haukatwi, haugawanywi, na anayefungwa haruhusiwi kukataa wala kumvisha mwingine. Tena ufungwe kabla ngozi za ngoma, zilizopashwa moto, hazijapoa. Miaka mingi Sechelela alimfunga mama yake, na mama alipofariki akawa anamfunga mumewe, naye akafariki. Hakuna aliyewahi kunung'unika.

Mwaka ninaousema, utumbo wake ulijisokota. Alianguka shambani ameshika tumbo, wakamkimbiza hospitali ya mjini, akapasuliwa, akapona. Alipozinduka alikuta karibu na kitovu kitundu chekundu, chenye unyevu kama ndani ya shavu. Daktari akamweleza kwamba choo kitatokea pale, na kwamba kuna mfuko maalumu unaobandikwa kwenye ngozi ili ukipokee.

"Utalima, utapika, utaishi, mama," alisema daktari.

"Na muheme nitapiga?"

Daktari hakuwa mwenyeji. Alidhani ni ngoma ya kuning'iniza begani, akasema bila shaka.

Mifuko aliyopewa hospitali iliisha. Mingine ilipatikana mjini tu, kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Sechelela akaanza kujifunga mifuko ya nailoni na vitambaa vya shuka kuukuu. Ngozi ikaungua. Harufu ikawa inamtangulia kila alikokwenda, basi akaacha kwenda. Kanisani hakuonekana tena, kisimani alimtuma jirani, na ngoma yake ikawa nyuma ya mlango, kuku wakiipandia. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi uwanjani siku ya mavuno. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliona aibu hata ya kukitaka.

Vitambaa vyake kila mtu aliviona kambani. Mzee Lameki ndiye aliyeona jinsi vilivyokatwa, mraba wenye duara katikati, akajua ni vya nini. Akaja kupiga hodi mchana kweupe, majirani wakitazamana na kutabasamu, maana mzee ni mjane na mwenye nyumba ni mjane.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mzee. Nisamehe, sipokei wageni. Naumwa."

"Najua unaumwa nini. Nipe kigoda tu."

Akaketi, akainua shati. Tumboni mwake palikuwa na mfuko, safi, umelala vizuri kama umezaliwa naye.

"Huu nimeuvaa tangu niko relini," alisema. "Aliyejua ni marehemu mke wangu, na Mungu. Na sasa wewe."

Sechelela alilia, kisha akacheka, kisha akalia upya. Lameki alisubiri. Baadaye akaomba maji ya vuguvugu, akamfundisha: osha taratibu, kausha mpaka ngozi iwe kavu kabisa, kata tundu la mfuko lilingane na kitundu chako na lisizidi, tena usingoje mfuko ujae ndipo umwage. Akamwachia nusu ya mifuko yake mwenyewe. Ngozi ya Sechelela ikapoa, ikapona, na jirani aliyekuwa akimchotea maji akaambiwa asante, nitakwenda mwenyewe.

Lakini mifuko ya mtu mmoja ilikuwa inavaliwa na wawili. Lameki akaanza kuishiwa, na Sechelela akalijua hilo kwa jinsi mzee alivyoanza kukaa mbali na watu. Akamrudishia pakiti. Lameki akakataa kuipokea. Badala yake, siku ya mkutano wa wakulima wa zabibu, walipofika kwenye mengineyo, yule bwana wa kunyamaza alisimama na kuinua shati mbele ya kijiji kizima.

"Ndugu zangu, hivi ndivyo nilivyo," alisema. "Tuko zaidi ya mmoja, na mwingine simtaji. Tunahitaji mifuko hii kama ninyi mnavyohitaji choo. Nimemaliza."

Wengi walitazama chini. Mmoja alicheka, kicheko chake kikakosa mwenzake, akakimeza. Sechelela hakuwapo, alisimuliwa. Aliposimuliwa alikaa chini sakafuni, kwa sababu alijua mzee yule aliitunza siri ile zaidi ya alivyoitunza nyumba yake.

Nehemia alikuwapo mkutanoni, na yeye akasimama.

"Mnazijua safu zangu za upande wa mashariki?"

Nani asiyezijua? Ndizo zilizozaa kupita zote, na kwa zabibu zake alikuwa anajenga nyumba ya matofali iliyokuwa imefika kwenye madirisha.

"Kuanzia msimu huu, zabibu za safu hizo ni za mifuko. Si ya Mzee Lameki tu. Ni ya yeyote anayeihitaji, wa hapa na wa vijiji vya jirani. Mpaka nife, na nikifa wanangu waendelee."

Msinielewe vibaya, Nehemia hakuwa malaika. Alipenda kusifiwa kama mtoto anavyopenda sukari. Wiki haijaisha, kibao kilisimama barabarani, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko picha ya zabibu. Kanisani alihakikisha limetangazwa, na lilipotangazwa kwa sauti ndogo aliomba lirudiwe. Lakini zabibu zilivunwa, gari la mjini likaja, na mifuko ikafika, halisi, ya kutosha. Nyumba yake ilibaki kwenye madirisha, na iko hivyohivyo mpaka leo, kuku wa Nehemia wakiingia na kutoka wanavyotaka.

Sechelela akawafukuza kuku wake kwenye ngoma, akaifuta vumbi, akaenda mazoezini.

Hapo ndipo anapoingia Damari. Damari alikuwa mpigaji wa pili, na Sechelela asingetokea mwaka huo, nafasi ya mbele ingekuwa yake moja kwa moja, naye alikuwa ameingoja tangu ujana. Hata hivyo alipomwona mwenzake akitokea kichochoroni na ngoma yake alimkimbilia, akamkumbatia. Kisha akafanya wanavyofanya wanawake wa Chihembe kwa kila aliyejifungua au aliyepasuliwa: akachukua kaniki, akamfunga tumbo, akakaza kwa nguvu zake zote, ili tumbo lirudi. Sechelela hakukataa. Utamkatazaje mwenzako anayekufunga kwa furaha?

Wakaanza. Sechelela akaibana ngoma, na ukingo wa ngoma ukaegemea palepale kwenye mfuko, juu yake kaniki imekaza. Wimbo haukufika mbali. Mfuko ulipasuka mbele ya wanawake wote. Aliiacha ngoma chini, akaondoka, na safari hii mlango wake ukafungwa kwa komeo.

Damari alibaki na ngoma ile uwanjani, wenzake wameshatawanyika. Aliibana yeye mwenyewe, akatia alama ya mkaa kwenye nguo yake pale ukingo unapogusa. Kisha akaenda nyumbani, akatoa kibuyu cha maziwa alichoachiwa na mama yake, kilichoachiwa mama yake na bibi, na akakikata. Kitako cha kibuyu kikawa kifuniko cha mviringo, kama bakuli dogo lililogeuzwa. Ukingo wake akauzungushia ngozi laini ya mbuzi, akakishonea kwenye mkanda mpana unaokaa nyongani badala ya tumboni. Mfuko ungelala chini ya kifuniko kile bila kuguswa na kitu. Alipomaliza alikwenda kuketi mlangoni kwa Sechelela.

"Dada, nifungulie."

"Nenda kapige, Damari. Mwaka huu ni wako."

"Najua ni wangu. Ndiyo maana nimekuja mapema, kabla sijaanza kuupenda."

Ndani kigoda kikasogezwa. Halafu komeo likalia.

Siku ya mavuno ilifika. Moto wa nyasi ukawashwa, ngozi zikapashwa mpaka zikalia zikiguswa kwa kidole. Watu walijaa, wengine wamekuja kucheza na wengine, tuseme ukweli, wamekuja kuona kama patapasuka kitu tena. Sechelela aliingia na ushanga wake kichwani, Damari nyuma yake, katika nafasi ileile ya pili. Akaibana ngoma. Ukingo ukagonga kibuyu, na kibuyu kikaitikia.

Hilo hata Damari hakulitegemea. Kila Sechelela alipopiga, kibuyu kiliongeza mlio wake chini ya mlio wa ngoma, ikawa muheme wenye sauti mbili, ambao Chihembe haikuwahi kuusikia. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Nehemia alicheza mpaka koti likachanika mgongoni. Mzee Lameki, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheza, aliingia katikati na mabega yake ya reli akayarusha, shati likapeperuka, mfuko ukaonekana, na hakuna aliyetazama chini. Sechelela aliwaona wote, akapiga kwa nguvu zaidi, machozi yanamtiririka, hana mkono wa kuyafuta na hataki. Alikuwa amerudi, na kila mtu pale uwanjani alijua amerudi.

Ngoma ikaisha. Akavua ushanga.

Wale watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi moja. Nehemia alikuwa ameshakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Damari alitazama miguu yake. Lameki alinyamaza, kama kawaida yake.

"Mfunge Nehemia," walisema wakulima. "Bila mifuko angebandika nini, majani? Na nyumba yake haina paa."

"Nehemia ameshalipwa na kile kibao," wanawake wakajibu. "Mfunge Damari. Kampa mwenzake nafasi yake, na kibuyu cha mama yake juu."

"Damari si ndiye aliyemkaza kaniki?" wakauliza wengine. "Ametengeneza alichoharibu. Mfunge mzee. Yeye ndiye aliyeanza, na siri yake hairudi tena."

"Mzee alikuwa anajiombea na yeye mwenyewe," akasema mtu, na mwenzake akamkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kelele zikapanda. Sechelela aliweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Bado ilikuwa na joto, kidogo.

Ndipo mwanamke mmoja mgeni akapenya katikati ya watu. Alitoka kijiji cha mbali, amejifunika kanga mbili na jua lote lile, na watu walimpisha haraka, wakigeuza pua. Alipiga magoti mbele ya Sechelela, akasema kwa sauti ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza, kila mtu akasikia.

"Mama, na mimi ninacho kitundu. Nimekaa ndani mwaka mzima. Nilisikia kuna mtu kama mimi anapiga ngoma, nikasema ni uongo, nikaja kuona." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Hao wanaotajwa siwajui. Huyo utakayemfunga ushanga, ndiye nitakayeanza kwake kuomba msaada."

Nehemia alishusha mkono wa shati lake taratibu. Damari akainua macho. Lameki akafungua mdomo, akaufunga.

Sechelela alimwinua yule mwanamke kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishika ushanga. Akaenda mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya watatu wale, nao wakamtazama.

Mimi naishia hapo. Wewe uliyetabasamu Lameki alipobisha hodi, na wewe uliyemcheka Nehemia kwa kibao chake, na wewe uliyemwonea Damari huruma, semeni sasa, na semeni upesi, maana ngozi inapoa na mgeni amesimama. Ushanga ungekuwa mkononi mwako, je, ungeufunga kwenye mkono wa nani?